Kompyuta Iliyomsingizia Mama Mhazini

Mpenzi mama msomaji, mwezi huu tunaomba utuvumilie tuache kidogo habari za uji wa lishe na homa za watoto, tuzungumze juu ya mashine. Tunajua wengi wenu mtasema, "Hayo ni ya vijana." Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka kompyuta ya ofisi ya kanisa letu ilipokaribia kuvunja heshima ya mama mmoja tuliyemfahamu kwa miaka ishirini, ambaye hatujawahi kumwona akichukua hata njiti ya kiberiti isiyo yake.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 2024, hapa Dodoma. Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kina wanachama 38. Kila Jumapili baada ya ibada tunaketi chini ya mwarobaini, kila mmoja anatoa akiba yake, Mama Mhazini anaandika katika daftari na katika kitabu cha mwanachama, kisha fedha zinaingia katika sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hukaa kwa mama watatu mbalimbali. Jumatatu Mama Mhazini huenda ofisini kuingiza hesabu hizo katika kompyuta ya mezani, ambayo tulipewa na wahisani ikiwa imekwisha kutumika. Programu ya hesabu ilitengenezwa na kijana mmoja wa hapa hapa mjini. Ni ndogo, haina madoido, na sisi tulio wazito wa mashine tulikuwa tunaipenda kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa Julai mashine ilianza vituko. Mama Mhazini akiwa katikati ya kazi, kisanduku kilitokea kwenye kioo kikiwa na maneno ya Kiingereza na mchanganyiko wa tarakimu na herufi, kama namba ya injini ya gari. Kwa Kiswahili maana yake ilikuwa hivi: agizo lililopo mahali fulani limetaka kutumia kumbukumbu ya mahali fulani, na kumbukumbu hiyo haikuweza kusomwa. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu cha kukubali. Akakubali, afanyeje? Programu ikatoweka pamoja na kazi ya asubuhi nzima.

Kama ilivyo kawaida yetu akina mama, kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alikuwa amesikia redioni habari za kompyuta zilizozimika dunia nzima mwezi ule, akasema na yetu imo. Wa tatu, na hapa tunaungama kwamba tulikuwa sisi, alisema kumbukumbu imejaa, zifutwe picha. Basi zikafutwa picha zote za sikukuu ya mavuno ya miaka mitatu. Kompyuta haikupona, na picha zile hatutazipata tena.

Hebu tuanzie kwenye kosa letu hilo, maana tumegundua si letu peke yetu. Katika kompyuta kuna vitu viwili ambavyo watu huviita kumbukumbu, navyo havifanani kabisa. Kimoja ni diski, ambamo picha, barua na hesabu hukaa hata umeme ukizimwa. Kingine ni ramu, vijibao vyembamba vilivyochomekwa ndani ya mashine, ambamo vitu huwekwa wakati wa kazi tu. Umeme ukikatika vyote hufutika. Sisi wauguzi tunavifahamu vitu hivi kwa majina mengine. Diski ni stoo ya dawa. Ramu ni lile toroli la kufungia vidonda, ambalo unapanga juu yake vya kutumia sasa hivi, na zamu ikiisha linasafishwa. Ukipunguza makatoni ya stoo hutakuwa umelitengeneza toroli lenye gurudumu bovu. Kisanduku kile kilikuwa kinalalamikia toroli, sisi tukaenda kuchoma makatoni.

Sasa, kumbukumbu kushindwa kusomwa maana yake nini? Fikiri wodi yenye vitanda vilivyoandikwa namba. Kila programu inayofunguliwa hupewa vitanda vyake, na programu kuu inayosimamia mashine yote, kama Windows, ndiyo matroni. Programu ya hesabu ikienda kwenye kitanda chake, hapana neno. Ikinyoosha mkono kwenye kitanda kisicho chake, au kitanda ambacho hakipo kabisa, matroni huizuia mlangoni na kuitoa nje ya wodi papo hapo. Kile kisanduku ni taarifa ya matroni. Kinaudhi, lakini kazi yake ni njema, kwani mtu anayegawa dawa kwenye vitanda visivyo vyake ni heri atolewe nje kuliko kuachwa aendelee.

Zamani matroni huyo alikuwa na maneno makali zaidi. Katika Windows 95 taarifa ilisema kwamba programu imefanya tendo lisilo halali na itafungwa. Tunamkumbuka dada mmoja mpiga chapa wa miaka hiyo aliyesoma maneno hayo, akazima mashine, akachukua mkoba wake na kwenda nyumbani akiwa na hakika kwamba polisi wangekuja. Hakuna aliyevunja sheria. Ni programu tu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake.

Na ule mkasa wa redioni? Huo ulitokea Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, nao kwa kweli ulikuwa wa ukoo huu huu. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi kwa mashirika, ilisambaza faili jipya kwa wateja wake. Programu yake ilikuwa imeandaliwa vitu 20 vya kusoma, lakini faili lile likaiagiza isome cha 21. Hebu mwambie muuguzi aliye na wodi ya vitanda 20 ampe dawa mgonjwa wa kitanda cha 21! Na kwa kuwa programu ile ilikaa ndani kabisa, katika chumba cha matroni mwenyewe, haikutolewa nje peke yake. Mashine nzima ilianguka. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali kadhaa za Marekani ziliahirisha operesheni zisizo za dharura, na Uingereza madaktari wengi wa familia hawakuweza kufungua kumbukumbu za wagonjwa wao. Wenzetu wauguzi siku ile walirudi kwenye kalamu na karatasi. Lakini mashine yetu haikuwa na programu hiyo hata kidogo, kwa hiyo mama yule wa redio alikuwa amekosea, ingawa si kwa mbali sana.

Turudi kwetu. Jumapili ya pili ya Agosti ilikuwa siku ya kuhesabu sanduku. Kompyuta ilionyesha jumla iliyozidi fedha za sandukuni kwa shilingi 20,000. Tukahesabu mara ya pili, na ya tatu. Tukapitia orodha mstari kwa mstari, tukakuta mwanachama mmoja ameandikiwa 60,000 katika kompyuta, na katika daftari 40,000. Ungedhani jambo limekwisha. La hasha. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kutosikika: "Na daftari anaandika nani?" Wote tukanyamaza. Mwanachama mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda msibani Singida, na kitabu chake alikuwa nacho.

Mama Mhazini hakujitetea. Alifunga daftari, akaomba radhi kwamba ana mgonjwa nyumbani, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja kwenye kikao. Iliyofuata tena hakuonekana hata kwaya. Tulipokwenda kumwona tulimkuta anapepeta mchele, naye akatuambia bila kuinua macho, "Mama, hizo 20,000 nitazilipa. Nisiulizwe tena." Tulijisikia vibaya, mpenzi msomaji. Kwa sababu siku ile chini ya mwarobaini sisi nasi tulinyamaza.

Ndipo tukamwita fundi. Si yule wa kwanza, maana wa kwanza tulikwisha kumwita, na bila hata kukaa alisema, "Hii tupige Windows upya." Ulipofika mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kabla ya hapo kila homa tuliita malaria na kila mtoto aliondoka na vidonge. Fundi anayefuta na kupakia upya Windows kwa kila ugonjwa angali kule tulikotoka. Huenda mashine ikapata nafuu, huenda isipate, lakini chanzo hutakijua, na kama mafaili hayakunakiliwa kwanza, basi umempoteza mgonjwa ukitibu homa.

Wa pili alikuwa kijana wa kwaya ya vijana, anayesomea kazi hiyo chuoni. Aliamkia, akaketi, akaanza kuuliza maswali. Ilianza lini? Hutokea ukifanya nini? Ni programu hii tu au na nyingine? Kuna kitu kiliongezwa? Tulitazamana, kwani ndivyo sisi tunavyofundishwa kuchukua historia ya mgonjwa. Na katika kujibu tulijigundua wenyewe mambo ambayo hatukuwa tumeyaunganisha: kwamba mwezi Juni mtu mwema alituletea kipande cha ramu kilichotumika ili mashine iwe na kasi, kwamba si programu ya hesabu tu iliyokuwa ikianguka, bali hata ile ya kuandikia barua, na kwamba namba zile za ajabu zilikuwa tofauti kila mara.

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya akae vizuri kitini. Tunawaeleza jinsi alivyotueleza, maana ndiyo sehemu yenye faida kwa yeyote mwenye kompyuta nyumbani.

Ikiwa ni programu moja tu inayoanguka, tena kwa tendo lile lile, kwa mfano kila ukichapa au kila ukifungua faili fulani, basi kosa kwa kawaida limo katika programu hiyo, au katika faili hilo, au katika kitu kilichoungwa nayo. Mahali palipotajwa pakiwa ni sifuri nyingi tupu, au karibu na sifuri, ndiyo dalili ya kawaida kwamba programu ilitumwa kitandani bila kupewa namba ya kitanda. Hilo ni kosa la mwandishi wa programu, wala si la kwako wala la mashine. Dawa ni kutafuta toleo jipya la programu hiyo, au kuiondoa na kuiweka upya. Ikiwa huanguka wakati wa kuchapa, tazama draiva ya printa, yaani ile programu ndogo inayotafsiri kati ya kompyuta na printa. Iondoe na uweke mpya kutoka kwa watengenezaji. Ikiwa ni Word au Excel, shikilia kitufe cha Ctrl huku ukiifungua, nayo itauliza kama unataka ifunguke katika hali salama, bila viongezeo vyake. Ikitulia hapo, basi mgonjwa ni kiongezeo.

Lakini ikiwa leo ni hesabu, kesho barua, keshokutwa Windows yenyewe inaanguka kwa kioo cha buluu, na namba hazifanani, hapo ushuku mwili wa mashine: ramu, joto, vumbi, au umeme usiotulia. Sisi wa Dodoma vumbi hatuhitaji kufundishwa. Miezi ya upepo huingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, sembuse kompyuta yenye feni inayovuta hewa mchana kutwa.

Kabla ya kugusa lolote kijana alinakili mafaili yetu katika flashi mbili. Nayo hakuyaandika juu ya nakala za zamani, bali aliyapa jina jipya lenye tarehe. Alisema mashine yenye ramu mbovu inaweza kuhifadhi uharibifu pamoja na kazi, kwa hiyo nakala ya zamani ni ya thamani, usiifunike. Tulipokuwa tukifuta picha hatukuwa tumefikiria nakala yoyote, lakini hayo tumekwisha kuyaungama.

Kisha akafungua cheti cha mgonjwa. Ndiyo, kompyuta ya Windows ina cheti chake, nasi tuliokaa nayo miaka yote hatukujua. Katika nafasi ya kutafutia unaandika perfmon /rel, na unafunguka ukurasa unaoonyesha siku kwa siku kila kilichoanguka, kwa alama nyekundu, na pia kila programu iliyowekwa au kuondolewa siku hiyo. Ukigusa alama nyekundu na kufungua maelezo yake, utaona jina la programu na alama ya kosa. Alama 0xc0000005 ndiyo ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuguswa. Kwenye cheti chetu mwezi Mei ulikuwa mweupe. Kuanzia wiki ya pili ya Juni wekundu ulianza, na Julai ulikuwa kama upele wa surua.

Akapima. Windows ina kipimo chake cha ramu: unaandika mdsched katika nafasi ya kutafutia, unahifadhi kazi zako, unairuhusu mashine ijiwashe upya, nayo hupima kabla ya kuendelea na mengine. Ni kama kile kipimo cha haraka cha kidole. Kikisema ugonjwa upo, amini, lakini kikisema haupo na dalili zinaendelea, tafuta kipimo kikubwa. Chetu kilisema hakuna kitu. Fundi wa haraka angeishia hapo. Kijana akaweka kipimo kingine kiitwacho Memtest86+, ambacho ni cha bure na huwashwa kutoka kwenye flashi, akaiacha mashine usiku kucha. Mlinzi aliagizwa asizime, naye alitazama namba zikikimbia mpaka alfajiri akidhani ni sinema.

Asubuhi mistari myekundu ilikuwa kwenye kioo. Kipimo hiki huandika kitu katika ramu na kukisoma tena. Mahali fulani kilichosomwa hakikuwa kilichoandikwa. Kijana akazima mashine, akachomoa waya ukutani, akagusa chuma cha boksi ili kuondoa umeme wa mwilini, akatoa vipande vyote viwili. Akakipima kile cha zamani peke yake, kisafi. Akachomeka cha Juni peke yake mahali pale pale, makosa yakarudi. Akakihamishia tundu la pili, makosa yakakifuata. Hivyo alijua kwamba kibovu ni kipande, si tundu. Kufanya badiliko moja tu kwa wakati mmoja! Tulitamani wanafunzi wetu wa uuguzi wangekuwapo.

Sasa likabaki swali letu. Je, kipande kibovu kinaweza kugeuza 40,000 kuwa 60,000? Kijana alichukua karatasi. Ndani ya kompyuta, alisema, kila tarakimu ya maandishi huwekwa kwa alama nane za sifuri na moja, na programu yetu ilihifadhi orodha kama maandishi ya kawaida. Akaandika 4 kwa lugha hiyo: 00110100. Chini yake akaandika 6: 00110110. Tukazitazama mpaka tukaona: zinatofautiana kwa alama moja tu, ya pili kutoka kulia. Kipimo cha usiku kilikuwa kimeonyesha kosa la alama moja ile ile, iliyokwama kwenye moja hata ikiandikwa sifuri.

Hatuwezi kuapa mbele ya mahakama kwamba ndivyo ilivyotokea. Kidole nacho huweza kuteleza, na Mama Mhazini si malaika. Lakini haya si hadithi za kijana wa kwaya tu. Tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek nchini Ubelgiji, kompyuta ya kupigia kura ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Iligundulika kwa sababu alikuwa na kura nyingi kuliko zilizowezekana. Na 4,096 ndiyo tofauti inayotokea alama moja, ya kumi na tatu, ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja. Wachunguzi hawakukuta kosa lingine, wakahitimisha kwamba alama iligeuka yenyewe katika kumbukumbu. Tena mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika kompyuta nyingi za Google, ukaonyesha kwamba zaidi ya vipande 8 vya ramu katika kila 100 vilipata kosa ndani ya mwaka mmoja. Mashine zile kubwa zina ramu ya aina inayojisahihisha makosa madogo. Kompyuta nyingi za nyumbani na ofisini hazina.

Ijumaa ile ile yule mwanachama alirudi kutoka Singida na kitabu chake. Kilikuwa na 40,000, kwa mwandiko wa Mama Mhazini na sahihi ya mwenyewe, ya tarehe ile ile. Na katibu, baada ya kupekua, akaipata orodha iliyochapwa na kubandikwa ubaoni siku mbili baada ya kikao kile: 40,000. Kompyuta yenyewe ilikuwa imesema kweli mwanzoni, ikabadili maneno baadaye.

Tulikwenda mama sita kwa Mama Mhazini, tukiongozwa na Mama Mwenyekiti. Yule aliyeuliza swali chini ya mwarobaini alitangulia mbele, akapiga magoti kabla hatujakaribishwa kuketi. Yaliyosemwa mle ndani hatutayaandika hapa. Tutasema tu kwamba chai ilikuwa na maziwa mengi, na kwamba Mama Mhazini alitaka aonyeshwe ile karatasi ya sifuri na moja, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Kwa wewe uliye na kompyuta ya wanafunzi nyumbani au ya biashara dukani, tunaongeza machache. Kisanduku kikitokea, usikifunge kabla ya kukipiga picha kwa simu. Sisi tulipoteza wiki tatu tukijaribu kukumbuka kilisemaje. Ukitaka kuipa mashine mwanzo mpya chagua kuiwasha upya, si kuizima, kwa maana katika Windows 10 na 11 kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mambo ya jana ili iwake haraka. Mafaili ya Windows yenyewe yakishukiwa, mwombe kijana wako afungue dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika sfc /scannow, nayo itajikagua na kujaribu kujitengeneza. Usikubali matangazo ya intaneti yanayoahidi kutibu kumbukumbu kwa kubonyeza mara moja. Mengine ndiyo virusi wenyewe. Wala usizime kinga ya kompyuta kwa sababu mtu amekuambia ndiyo inayoleta kisanduku, isipokuwa kwa dakika chache za kupima, na iwashwe tena. Na kama mashine yako ingali na Windows 10, ujue kwamba Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Sisi tulinunua kipande kingine cha ramu kwa bei ya kama vitenge viwili, kikapimwa usiku kucha kabla ya kuaminiwa. Cheti cha mashine kimekuwa cheupe tangu hapo, ukiondoa alama moja nyekundu ya siku mtoto wa katibu alipoweka mchezo wa magari. Mama Mhazini amerudi kwenye meza yake. Kila Jumatatu akimaliza anachapa orodha, anaitia sahihi, na mama wawili wengine wanaisoma dhidi ya daftari kabla haijabandikwa. Utaratibu huo aliudai yeye mwenyewe, nasi hatukubisha.

Kipande kile kibovu tulitaka kukitupa. Kijana akatuonya kwamba vitu hivyo hurudi: mtu hukiokota, hukiona kizima, hukiuza, na mwingine hukitoa kama msaada. Basi tukakivunja katikati, tukakitia katika bahasha ya dawa, tukaandika juu yake tarehe na neno KIMEHARIBIKA kwa wino mwekundu, kama tunavyofanya kwa chupa zilizopitwa na wakati.